Uume wangu ulipopinda nilikaa kimya miezi saba

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kichochoro cha Kibokoni, na kazi yangu kubwa ni milango na masanduku ya mbambakofi na msaji. Nina umri wa miaka 54, mke mmoja, watoto wanne na mjukuu. Nayasema haya mwanzo ili anayesoma ajue kwamba anayemsimulia ni mtu mzima mwenye jina la kulinda. Haikuniwia rahisi kuandika. Lakini miezi ile saba niliyonyamaza, lau ningekuta mahali Mswahili mwenzangu ameyaeleza haya waziwazi, ningekwenda kwa daktari mapema.

Ilianza wiki moja baada ya Idi ndogo. Niliamka alfajiri uume ukiwa umesimama, nao unauma. Nikaupapasa. Juu, karibu na shina, nikakuta kitu kigumu kama punje ya kunde chini ya ngozi. Ngozi ilicheza juu yake, chenyewe hakikuhama. Mchana sikusikia chochote. Nikajiambia ni mshipa umevutika kwa kubeba mbao, utapona wenyewe. Ilipofika Mfungo Tatu, watu wanatayarisha Idi kubwa, ile kunde ilikuwa imelala na kuwa bapa, na uume kila ukisimama uliinama kuelekea tumboni na kushoto. Kila mwezi uliinama zaidi ya mwezi uliopita.

Sikumwambia mtu. Nilianza kukawia karakana hadi mama watoto awe amelala, au nalala kabla yake, uso ukutani. Barazani tunakunywa kahawa na kuzungumza kila kitu, siasa, mpira, bandari, presha ya huyu na sukari ya yule, lakini hili halina pa kuanzia. Mwanamume akilitaja, anajua litageuka kuwa habari za nguvu za kiume, na kila mtu ana dawa ya hilo.

Nami nilikwenda kuitafuta dawa hiyo. Mwembe Tayari kuna mtu ana meza yake ya vichupa na magome. Aliniuzia mkuyati, unga mwingine wa kutia kwenye asali, na mafuta ya kuchua, vyote kwa shilingi 3,500. Akaniagiza nichue usiku huku naunyoosha kwa nguvu upande wa pili, kama mtu anayenyoosha waya. Nilifanya hivyo siku nne. Usiku wa nne nilisikia uchungu uliokata pumzi, na asubuhi ngozi ilikuwa na baka jeusi. Nimelieleza hili kwa sababu najua wapo wanaofanya hivyo sasa hivi. Acheni. Daktari alinieleza baadaye kwamba kila unapoulazimisha, ganda la ndani linachanika kidogo, na mchaniko ndio unaozaa kovu jipya. Nilikuwa naongeza ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye zahanati moja. Kijana aliyenihudumia hakuinua kichwa. Nilipotaja sehemu inayouma aliandika dawa za magonjwa ya zinaa, sindano moja na vidonge vya wiki mbili, bila kunitaka nivue hata mkanda. Nilizimeza zote. Nilikuwa na aibu mno hata nisiulize kitu.

Aliyelifungua jambo ni mke wangu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, anakanda unga wa mahamri, nami natafuta kisingizio cha kutoka.

"Bwana, una mke mwengine?" aliniuliza. Hakugeuka. "Niambie tu. Sitapiga kelele."

"Sina."

"Basi wanikimbia nini?"

Nikamwambia. Sijui nilitumia maneno gani, nakumbuka tu kwamba nilikuwa naangalia mikono yake. Alinawa polepole, akatoa unga hadi ule wa ndani ya kucha, akajifuta kwa leso. Akasema naye amekuwa akiumia siku nyingi, akadhani ni umri wake, akaona haya kunieleza. Yaani sote wawili tulikuwa tunaficha maumivu ya kitu kimoja, kila mtu upande wake wa kitanda.

Kisha akasema: "Mlango wa mtu ukipinda waushusha, wautia futi, wautazama. Huu wako mbona hukutaka utazamwe?"

Jumanne tulikuwa kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, katika hospitali moja ya hapa mjini. Mama watoto alikaa ndani na mimi, na daktari alimkaribisha.

Nataka nieleze vizuri kilichofanyika mle chumbani, maana hapo ndipo wengi tunapoogopa.

Kwanza aliuliza, na aliuliza sana. Lini ulianza, unauma ukisimama au hata ukilala, umebadilika mwezi uliopita au umetulia, kuna siku uliumia wakati wa tendo la ndoa. Sikumbuki siku kama hiyo. Alisema wengi hawakumbuki. Huwa ni vijeraha vidogo vidogo ambavyo mwili wa mwingine ungevifunga vizuri, wako ukavifunga vibaya. Ukisimama, unasimama imara au unalegea? Unavuta sigara? Una presha? Akamgeukia mke wangu, kwa adabu: "Mama, na wewe unaumia?" Sijawahi kumshukuru mtu kwa swali kama nilivyomshukuru kwa lile.

Akaniambia niweke viganja mezani, vilale kabisa. Nilishangaa. Alieleza kwamba wapo watu ambao tabia hiyo hiyo ya kutengeneza makovu huwashika mikononi, vidole vikajikunja visikunjuke tena, ndiyo maana lazima aangalie. Vyangu vililala. Kisha akanipima kitandani nyuma ya pazia. Aliuvuta uume taratibu akapapasa kovu kwa vidole viwili. Akapima urefu kwa rula, kutoka mfupa wa kinena hadi kichwani, akauandika. Maradhi yenyewe hufupisha uume, alisema, na ni haki ya mgonjwa kujua alikuwa na kiasi gani kabla ya kutibiwa chochote.

Nyumbani alitaka nipige picha kwa simu uume ukiwa umesimama, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni, nimwonyeshe mwenyewe kwenye simu yangu. Niliona vigumu. Mama ndiye aliyezipiga.

Ziara ya pili ilikuwa ya kipimo chenyewe. Alinidunga sindano nyembamba ubavuni mwa uume, dawa ya kuusimamisha. Ilichoma kidogo kuliko mdudu chungu. Baada ya kama dakika kumi ukasimama, akachukua kipimapembe cha plastiki, cha aina ileile ninayotumia mimi kukata pembe za fremu. Nyuzi 55. Akapitisha mashine ya altrasaundi kuangalia damu inavyoingia na inavyokaa, na kuliona kovu. Damu ilikuwa nzuri. Kovu lilikuwa la sentimita mbili, halijaingia chokaa. Kabla ya kuniachia aliniangalia machoni: "Mzee, zikipita saa nne tangu sasa na bado haujalala, usingoje asubuhi. Rudi hapa, hata kama ni usiku wa manane." Ulilala ndani ya saa moja.

Halafu akakaa chini akanieleza. Ndani ya uume mna mirija miwili kama sifongo inayojaa damu, nayo imevikwa ganda gumu linalotanuka. Kovu likishika upande mmoja wa ganda, upande huo haufuati wenzake wanapotanuka, na uume unainamia kwenye kovu.

Nikamwambia, "Daktari, hiyo ni mbao iliyokauka upande mmoja."

Akaniangalia kidogo. "Ndiyo, mzee. Hivyo hasa."

Wallahi, pale pale kifua changu kilipoa. Miezi saba nilikuwa nadhani ni saratani, au zinaa, au mtu kanifunga. Daktari alisema kovu hili si saratani wala haligeuki kuwa saratani, na halimwambukizi mke. Wazungu wameliita ugonjwa wa Peyronie, kwa jina la Mfaransa François Gigot de La Peyronie, daktari wa upasuaji wa Mfalme Louis wa 15, aliyeliandikia mwaka 1743. Wafalme na madaktari wao walilijua karibu miaka mia tatu iliyopita, nami Kibokoni nilidhani ni langu peke yangu.

Alinieleza pia, na hili naliweka kwa ajili ya vijana, kwamba wapo waliozaliwa uume umepinda. Hao hawana kovu, hawana maumivu, na wao hawahitaji kungoja kitu kitulie. Kama kunawazuia, wanaweza kurekebishwa wakishakua. Na uume ukilia kama kijiti kinachovunjika wakati wa tendo, ukalala ghafla na kuvimba na kuwa mweusi, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, si ya kuangaliwa kesho.

Kipimo cha damu nacho kilitoa habari nyingine. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 9.1. Nina kisukari, na sikujua. Kisukari na maradhi haya hufuatana mara nyingi. Nilikuwa nakojoa usiku mara tatu nikilaumu kahawa. Kwa hiyo matibabu yangu ya kwanza yalikuwa vidonge vya kisukari na kuacha chai ya sukari vijiko vitatu na kipande cha halua kila magharibi. Nikitazama nyuma naona lile kovu lilinipa zawadi kubwa. Macho na figo zangu zingeharibika nikiwa bado nachua mafuta ya Mwembe Tayari.

Kuhusu kunyoosha, alisema tusubiri. Sikulipenda neno hilo. Maradhi haya yana vipindi viwili: kwanza uume unauma na unaendelea kupinda, kipindi ambacho kinaweza kufika mwaka au mwaka na nusu; kisha maumivu yanakwisha na pembe inatulia. Ukipasua wakati bado unapinda, utanyoosha leo upinde tena kesho. Hili seremala hahitaji kuelezwa mara mbili. Mbao mbichi haiundwi mlango. Alinipa dawa ya maumivu ya kawaida, na akaniagiza nirudi kila miezi mitatu apime.

Nilimwonyesha chupa ya vitamini E niliyokuwa nimenunua duka la dawa kwa ushauri wa muuzaji. Alisema niache kupoteza pesa. Chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2015, kimesema wazi kwamba vitamini E, tamoxifen na vidonge vya namna hiyo visitolewe kwa maradhi haya. Mashine ya mawimbi ya mshtuko, ambayo nimeona ikitangazwa, inaweza kupunguza maumivu lakini hainyooshi. Maumivu huisha yenyewe hata hivyo.

Kuna sindano za kuchomwa ndani ya kovu. Mojawapo inatokana na kimeng'enya cha bakteria kinachokula kovu. Marekani iliiruhusu mwaka 2013, kwa wenye pembe ya kuanzia nyuzi 30. Ni sindano hadi nane. Katika majaribio ilipunguza pembe kwa asilimia 34 kwa wastani, na waliochomwa maji matupu walipungua asilimia 18. Nikapiga hesabu ya nyuzi 55 zangu. Ningebaki na kama 36, na daktari hakuwa na dawa yenyewe wala hakujua pa kunipatia hapa. Zipo nyingine pia, verapamil na interferon, ambazo matokeo yake yanayumba. Tukaziacha.

Alichonipa ni kifaa cha kuvuta. Ni fremu ndogo yenye pete chini na kishikio juu, inauvuta uume polepole, bila maumivu, kila siku. Tofauti yake na yale ya Mwembe Tayari ni kwamba nguvu ni ndogo na muda ni mrefu. Vipo vya kuvaliwa saa kadhaa kwa siku na vipo vya nusu saa mara mbili. Changu kilikuwa cha saa kadhaa. Nilikivaa nikikaa chumbani baada ya kazi, miezi sita. Kilipunguza pembe hadi nyuzi 47 na kuniokolea urefu kidogo. Ni kazi ya subira, na nisingeifanya kama mama hangenikumbusha.

Nyuzi 47, imetulia miezi sita, haiumi tena, lakini kuingiliana bado kulimuumiza yeye. Tulirudi kuzungumza kisu.

Daktari alichora kwenye karatasi. Njia ya kwanza, unashona upande mrefu ili ulingane na mfupi. Mmarekani Reed Nesbit aliandika kuhusu njia ya namna hii mwaka 1965. Ni nyepesi, uwezo wa kusimama haudhuriki sana, lakini uume unapungua urefu, hakuna ujanja. Njia ya pili ni ya waliopinda zaidi ya nyuzi 60 au waliobanwa katikati kama saa ya mchanga: kovu linakatwa na kutiwa kiraka ili upande mfupi urefuke. Hii inabeba hatari ya kupoteza nguvu na hisia. Nilimuuliza kiraka hicho kinatoka wapi. Kingine hutolewa kwenye mshipa wa mguu wako mwenyewe, kingine utando wa moyo wa ng'ombe, na kingine utumbo wa nguruwe. Mwislamu aulize kabla ya kutia sahihi. Daktari hakuona swali langu kuwa la ajabu. Njia ya tatu ni kuwekewa vyuma au mirija ya kusimamisha ndani, kwa mtu ambaye hata vidonge havimsaidii tena kusimama. Mimi nilisimama vizuri, pembe yangu haikufika 60, kwa hiyo ya kwanza ndiyo yangu.

Urefu ulinisumbua wiki nzima. Nilimuuliza mama. Akasema, "Nataka usiniumize, na usinipe mgongo. Mengine nimekuuliza mimi?" Nikatia sahihi.

Walitaka sukari ishuke kwanza, maana kidonda cha mwenye sukari nyingi hakifungi vizuri. Ilipofika 7.2 nikaingia. Walinidunga sindano ya mgongo, nikafa ganzi kutoka kiunoni, macho yangu yakiwa wazi. Daktari alikata kwenye alama yangu ya jando, akaivuta ngozi nyuma, akajaza uume maji ya chumvi usimame ili aione pembe, kisha akashona upande wa chini, kulia, ng'ambo ya kovu. Alikuwa akifunga uzi, anajaza maji tena, anatazama, anaongeza mwingine. Nilimsikia akimwambia msaidizi wake: "Kidogo tena." Ndivyo ninavyoipiga randa mbao, unapiga, unaiinua jichoni, unapiga tena. Nikalala usingizi hapo hapo mezani.

Niliondoka kesho yake. Usiku kumi za kwanza zilikuwa ngumu, uume ukitaka kusimama usingizini nyuzi zinavuta, unaamka na jasho. Kichwa cha uume kilikuwa na ganzi kama miezi miwili, halafu hisia zikarudi. Wiki sita hakuna tendo la ndoa, na tuliziheshimu zote. Nikipapasa sasa nasikia vifundo vya uzi chini ya ngozi, kama mbegu za ufuta. Uzi wake hauyeyuki, vitakaa. Nimepungua zaidi ya sentimita moja kidogo kwa rula ile ile ya siku ya kwanza. Pembe haikwisha kabisa, imebaki kama nyuzi nane, na daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba hafuati mstari wa timazi.

Usiku wa kwanza baada ya wiki sita niliogopa kuliko usiku wa harusi. Mama alizima taa, akaniuliza kama naumia. Nikamuuliza yeye. Alisema hapana, akanyamaza, kisha akasema tena hapana, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu.

Jumatatu ijayo nina kliniki ya kisukari. Tutakwenda sote, yeye naye akapimwe presha, maana siku hizi anaamka na kichwa kinamgonga na alikuwa amenificha.